Nasaha, Mkasi na Neno la Mwisho

Mtu anapomkabidhi mwenziwe shairi alilolitunga, akamwambia "Hebu nitazamie," huwa amempa nini? Hakumpa karatasi, kwa kuwa karatasi inaweza kunakiliwa mara mia. Hakumpa maneno, maana maneno ni mali ya wote wanaoisema lugha, na hapana aliyezaliwa nayo. Alichompa ni kitu kisichoshikika kwa mkono: namna yeye, na si mwengine, alivyoyapanga maneno hayo ya wote yakageuka kuwa kauli yake. Naye aliyepokea ana kalamu. Anaweza kufuta, kuongeza, kupindua, kukata. Kalamu hiyo ina haki ya kufika wapi, na ikome wapi?

Swali hili si geni Visiwani wala Mwambao. Zamani mtunzi chipukizi alimwendea shaha, au mwalimu wake wa chuoni, akamsomea tungo yake barazani na kusahihishwa mbele ya watu. Lililo geni ni sura ya leo ya jambo lile lile. Siku hizi wako watu ambao kazi yao ni kuwashauri waandishi kwa ujira. Hawakuajiriwa na mchapishaji wala chuo. Hulipwa na mwandishi mwenyewe, kwa ukurasa au kwa saa, wausome muswada wake, wamweleze kasoro zake na wamwonyeshe njia ya kuutengeneza. Katika miji kama London na New York hiyo ni kazi inayojulikana. Katika pwani ya Afrika Mashariki inaingia polepole: mwalimu mstaafu, mwandishi wa habari wa zamani au mhadhiri huletewa muswada pamoja na bahasha.

Wako wanaoliona jambo hilo kuwa ni aibu, wakisema kwamba nasaha ikiuzwa si nasaha tena. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Fundi wa jahazi hulipwa, mwalimu hulipwa, na anayekesha na muswada wa mtu ametoa macho yake na usiku wake. Kinachoweza kuharibika si nasaha bali ni ulimi wa mwenye kuitoa. Anayelipwa na mwandishi huingiwa na tamaa ya kumfurahisha mwandishi, ili arudi tena. Anayelipwa na mchapishaji huingiwa na tamaa ya kumfurahisha mchapishaji, ambaye anataka kitabu kiuzike. Kila mkono unaotoa fedha huvuta ulimi upande wake. Kwa hiyo hapana budi nasaha ipimwe kwa kipimo kisichokuwa fedha.

Neno lenyewe linasaidia. Nasaha limetoka katika Kiarabu, na wanakamusi wa lugha hiyo wameuambatisha mzizi wake na matumizi mawili ya kale. La kwanza ni kuisafisha asali, yaani kuitenga na nta. La pili ni kushona: uzi wa kushonea na mshonaji mwenyewe wameitwa kwa maneno ya mzizi huo huo. Basi mwenye kunasihi ni mfano wa mtu anayechuja asali, na ni mfano wa fundi cherehani. Anayechuja asali hutoa kisichokuwa asali. Hatii sukari yake. Fundi cherehani hukata, tena kwa mkasi mkali, lakini kitambaa ni cha mwenyewe na kipimo ni cha mwili wa mwenyewe. Fundi akishona kanzu kwa kipimo cha mwili wake yeye, hata ikawa kanzu nzuri kuliko zote mjini, amemdhulumu aliyeleta kitambaa.

Kabla ya kuuhofia mkasi, yafaa kukiri kwamba hapana tungo isiyouhitaji. Kinyozi hajinyoi, na mganga hajigangi. Mtunzi hulijua shairi lake kwa ndani mno hata haoni lililokosekana: lile alilolikusudia hulisikia kichwani kana kwamba amelisema, ilhali msikilizaji hakulipata. Hukiona kina kuwa kimetimu kwa sababu yeye hukitamka hivyo. Huupenda mshororo kwa ajili ya siku alipoutunga, si kwa ajili ya kazi unayoifanya katika ubeti. Jicho la mgeni halina mapenzi hayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika uandishi methali hiyo ni kweli tupu.

Dhuluma ya kwanza ya mshauri, basi, si kukata. Ni kunyamaza. Mtunzi kijana anayeambiwa "Mashallah, limekaa sawa," na hali aliyemwambia ameona kwamba beti tatu za mwisho zinarudia beti tatu za mwanzo, ameibiwa. Ameibiwa nafasi ya kujirekebisha kabla shairi halijatoka, na atakuja kuambiwa na wasiomtakia heri, tena hadharani. Sifa ya uongo haimgharimu kitu anayeitoa. Gharama yote humwangukia aliyesifiwa. Ikiwa mshauri amelipwa na akasifu asichokipenda, dhuluma ni mbili, maana amechukua fedha ya macho akatoa maneno ya mdomo.

Lakini ukweli nao una adabu zake. Kasoro inayotajwa bila ya mahali pake ni tusi; kasoro iliyoonyeshwa kwa kidole ni msaada. Kumwambia mtu "Shairi lako limepoa" ni kumwacha njiani usiku bila ya taa. Kumwambia "Mshororo wa tatu wa ubeti wa pili unataja bahari, lakini bahari hiyo haina chombo, haina wimbi, haina mtu" ni kumpa kazi ya kufanya kesho asubuhi. Kauli ya pili ni kali kuliko ya kwanza, kwa kuwa haiachi pa kukimbilia. Hata hivyo inamheshimu mtunzi, kwa kuwa inamchukulia kuwa ni mtu anayeweza kutengeneza.

Hata hapo swali la kalamu halijajibiwa. Mshauri ameiona kasoro, ameitaja, na anajua dawa yake. Je, aitie mwenyewe? Mifano ya nje inaweza kusaidia hapa, kwa kuwa miswada yake imehifadhiwa na yaliyokatwa yanaonekana mpaka leo.

Mshairi T. S. Eliot, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alimpa rafiki yake Ezra Pound rasimu ya shairi refu, The Waste Land, lililotoka mwaka 1922. Pound alilikata bila huruma. Karibu nusu ya mishororo iliondoka. Rasimu hizo, zikiwa na alama za kalamu ya Pound, zilichapishwa mwaka 1971, na yeyote anaweza kuzitazama. Eliot hakulalamika. Alimtabarukia Pound shairi hilo na kumtaja kuwa fundi bora kumliko yeye.

Kisa cha pili kinafanana na cha kwanza kwa nje. Raymond Carver, mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani, alimpa mhariri wake, Gordon Lish wa nyumba ya uchapishaji ya Knopf, muswada wa hadithi 17. Lish alikata zaidi ya nusu ya maneno yake, akabadilisha miisho ya baadhi ya hadithi na hata majina yake. Mwezi wa Julai 1980 Carver alimwandikia barua ndefu ya kumsihi asimamishe kitabu. Kitabu kilitoka mwaka 1981, kwa sehemu kubwa kama Lish alivyotaka, na kikamletea Carver umaarufu mkubwa. Mwaka 1983, katika kitabu chengine, Carver aliirudisha hadithi moja kati ya zilizokatwa, ikiwa na urefu wake na mwisho wake. Alifariki mwaka 1988. Mwaka 2009, kwa juhudi za mjane wake, mshairi Tess Gallagher, hadithi zote 17 zilichapishwa kama zilivyokuwa kabla ya mkasi, kwa jina la Beginners.

Mkasi ni ule ule, na kiasi kilichokatwa kinakaribiana. Kilichotofautiana ni ridhaa. Eliot alimpa mwenziwe mkasi, akayatazama yaliyokatwa, akayakubali. Carver aliomba mkasi usimame, nao haukusimama.

Mtu anaweza kujibu kwamba Carver naye aliridhia, kwa kuwa kitabu kilitoka kwa jina lake naye hakukikana. Jibu hilo linafika mahali pagumu kuliko pote katika jambo hili. Pana kuridhia na kuridhia. Carver alikuwa mtu aliyeelemewa na ulevi kwa miaka, akafilisika mara mbili, na ndiyo kwanza alikuwa ameiacha pombe mwaka 1977. Aliyemfungulia mlango wa magazeti makubwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni Lish huyo huyo. Mtu wa namna hiyo ana uwezo gani wa kusema hapana, akashikilia hapana yake? Ridhaa ya mwenye haja ni nyembamba. Mshauri mwenye insafu huujua wembamba huo, na haukanyagi. Kadiri mwandishi anavyomhitaji zaidi, ndivyo anavyopasa kuizuia zaidi kalamu yake. Na hilo ni kinyume cha ilivyozoeleka, maana aghalabu watu huwa na adabu kwa mwandishi mashuhuri na mkono mzito kwa chipukizi.

Wako pia wanaosema kwamba hadithi zilizokatwa ni bora kuliko zilivyokuwa, kwa hiyo Lish alikuwa na haki. Wasomaji wanabishana juu ya ubora huo mpaka leo, na wabishane. Ubora hauamui haki. Mtu akiingia katika shamba la jirani yake, akang'oa minazi, akapanda mikarafuu, na mikarafuu ikazaa, mavuno hayo hayampi shamba. Anaweza kuwa mkulima bora na akabaki kuwa mwizi.

Kisa cha tatu ni cha asiyeweza tena kuulizwa. Emily Dickinson wa Amherst, Massachusetts, alifariki mwaka 1886, akaacha karibu mashairi 1,800, na machache mno kati ya hayo yalikuwa yamechapishwa katika uhai wake. Mwaka 1890 Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson walitoa diwani ya kwanza. Nia yao ilikuwa njema, na bila ya kazi yao huenda jina lake lingepotea. Walakini waliyapa mashairi vichwa ambavyo mwenyewe hakuvitia, wakanyoosha baadhi ya vina vilivyopinda, wakaviondoa vistari vyake, wakabadilisha hata maneno. Mpaka mwaka 1955, Thomas H. Johnson alipochapisha mashairi 1,775 kwa kufuata hati za mkono wake, ndipo msomaji wa kawaida alipomwona mshairi mwenyewe. Vina vile vilivyodhaniwa kuwa vimekosewa vilikuwa ndiyo sauti yake. Wahariri wema walikuwa wameitibu afya wakidhani ni maradhi.

Kosa hilo, la kuitibu afya, lina jamaa yake Mwambao. Na pwani hii ina pia mfano wa kinyume chake, ambao unastahili kutangulia.

Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi yaliyokaa vifuani mwa watu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, pamoja na maelezo juu ya maneno na mambo yaliyoyazaa. Kutokana na hazina hiyo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka na ushairi wake. Kazi ya ufafanuzi kama ile ya Mwalimu Sikujua inafundisha mahali pa elimu ya mwenye kulisaidia shairi la mwengine: mahali pake ni pambizoni. Neno gumu halitolewi likatiwa jepesi, hufafanuliwa. Tukio lililosahaulika halichomekwi ndani ya ubeti, huelezwa kando. Pambizo ndiyo baraza ya muswada. Mgeni hukaribishwa hapo, akasema yote aliyonayo, na hawezi kuingia chumbani mpaka mwenye nyumba amwite.

Jamaa wa lile kosa la Amherst alikuja na usanifishaji wa lugha. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, ambayo pamoja na kazi zake nyengine ilisoma na kuidhinisha vitabu vya shule. Faida za kazi hiyo hazikanushiki. Mtoto wa Tanga na mtoto wa Kisumu husoma kitabu kimoja wakaelewana. Pamoja na faida hizo ilizaliwa tabia, iliyoendelea baada ya ukoloni kuondoka, ya mhariri kudhani kwamba kila kisichokuwa sanifu ni kosa linalongoja kalamu nyekundu.

Madhara yake katika ushairi yanaweza kuhesabiwa kwa vidole. Mtunzi wa Mvita amefunga ubeti kwa vina vya "to": mto, kito, pato, mato. Mhariri asiyesikia kwa sikio hubadilisha "mato" yakawa "macho", akadhani amesahihisha herufi, kumbe ameung'oa mlango wa nyumba. Mtunzi mwengine amesema "alokwenda", mizani nne, ili mshororo wake utimu minane. Mhariri ameandika "aliyekwenda", mizani tano, na utenzi umeanza kuchechemea. Inkisari hiyo haikuwa uzembe. Ni haki ya mtunzi iliyokuwapo kabla ya kamati yoyote. Na siku hizi iko programu ya kompyuta inayopiga mstari mwekundu chini ya kila neno isilolijua. Haina kosa, kwa kuwa haina dhamira. Anayebeba lawama ni mtu mwenye akili anayeutii mstari ule bila ya kuuliza neno limetoka kwa nani.

Hapa jambo limevuka shairi moja. Mtunzi wa Makunduchi, wa Tumbatu au wa Micheweni akisahihishwa neno la bibi yake mara tatu, mara ya nne atalifuta mwenyewe kabla ya kulipeleka kwa mshauri. Baada ya kizazi kimoja hapana atakayelifuta, kwa sababu hapana atakayelijua. Lugha hupoteza maneno yake kwa njia hiyo ya upole, mkononi mwa watu wanaoipenda. Kinyume chake pia kimekwisha kuonekana. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni Kenya, kati ya mwaka 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Diwani ilipochapishwa mwaka 1973, Kimvita chake kilibaki Kimvita, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Lahaja haikumzuia msomaji. Ilimleta karibu na mtu aliyekuwa akisema.

Je, mshauri basi asiguse kitu? Hapana. Lakini yampasa apambanue mambo matatu ambayo kalamu nyekundu huyachanganya. Liko kosa: mizani imepungua bila ya kukusudiwa, au jina la mtu limeandikwa sivyo. Iko ada: watunzi wamezoea kuanza kwa kumtaja Mola na kumaliza kwa kujitaja, na huyu hakufanya hivyo. Na iko ladha: mshauri mwenyewe hapendi mafumbo mazito, au anayapenda kupita kiasi. Katika kosa, mshauri ana neno kubwa. Katika ada, kazi yake ni kukumbusha tu, ili mtunzi akiivunja aivunje kwa kujua. Katika ladha, hana zaidi ya msomaji mwengine yeyote. Uaminifu wake uko katika kusema waziwazi: hapa umekosea, hapa watu hawakuzoea, hapa ni mimi tu sipendi.

Pasipo upambanuzi huo nasaha hugeuka amri. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichowafaa watunzi wengi, kwa kuwa kiliyaweka wazi mambo yaliyokuwa yakifundishwa kwa mdomo. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani isiyofuata vina na mizani, mabishano yalikuwa makali. Wengi waliuliza kama ni ushairi. Wachache waliuliza kama ni mzuri. Mpenzi wa vina anaweza kubaki na mapenzi yake, tena kwa haki, maana ni urithi usio na mfano. Ila akiwa mshauri, swali lake la kwanza si "Je, ungekuwa wangu?" Swali lake ni "Huyu anataka kusema nini, na nini kinamzuia?"

Aliyepata jawabu la swali hilo aghalabu hana haja ya kuandika mshororo wa mtu. Huuliza, na mwenyewe akaandika upya. Mkono uliotunga ndio unaofaa zaidi kutengua. Mwalimu Nyerere, baada ya kutoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, hakukiacha kitabu kikazeeka na kasoro zake. Mwaka 1969, akiwa bado Rais wa Tanzania, alitoa tafsiri aliyoisahihisha mwenyewe, Juliasi Kaizari. Nasaha hufaulu inapomrejesha mtu kwenye kazi yake namna hiyo, akafuta alichokuwa akijivunia kwa sababu sasa anakiona.

Inatokea, hata hivyo, mshauri akajiwa na mshororo mzuri, uliotimu, unaoliponya shairi papo hapo. Kuuficha ni ubahili. Kuuchomeka ni kuvamia. Njia iliyo baina yao ni kuutoa kama zawadi, katika pambizo, pamoja na njia nyengine mbili tatu, na kumwachia mtunzi achague au akatae vyote. Na zawadi ikishatolewa haina mwenyewe tena. Mshauri anayekaa barazani akanong'ona kwamba shairi la fulani, lile linalosifiwa, ubeti wake mzuri ni yeye aliyeutia, ameichukua zawadi na akachukua na heshima ya mtu. Siri ya muswada ni sehemu ya amana. Waliyoyaona mafundi katika nyumba za watu huyaacha humo.

Uko mpaka mwengine ambao ujira huusukuma kila siku. Mteja huja na fedha nyingi na maneno machache, akataka kitabu kiandikwe chote kisha kiitwe chake. Mwanafunzi hutaka tasnifu. Hapo nasaha imekwisha. Anayedhulumiwa si mwandishi, maana yeye ndiye aliyetaka; ni msomaji, aliyeaminishwa kwamba anaisikia sauti ya mtu fulani. Mshauri ana haki ya kukataa, na haki hiyo ni wajibu. Vivyo hivyo, mtunzi akishikilia uongo juu ya mtu aliye hai, au akasisitiza kuchapisha matusi, mshauri hawezi kujificha nyuma ya kauli kwamba neno la mwisho si lake. Ni kweli si lake, lakini miguu ni yake, anaweza kuondoka.

Neno la mwisho, basi, ni la mtunzi. Si kwa sababu anajua zaidi, maana mara nyingi hajui zaidi. Ni kwa sababu ndiye atakayeulizwa. Shairi likisomwa miaka hamsini baadaye, pale Mkunazini au Wete au Lamu, msomaji hatasema "mshauri wake alikosea." Atalitaja jina lililo chini ya beti, alisifu au alilaumu. Mwenye kubeba dhima ndiye mwenye haki ya kuamua, na anayetaka kuamua bila ya kubeba dhima ametaka nusu ya jambo. Lakini haki hiyo ya mtunzi haina maana ikiwa hakupata kwanza neno la kweli. Mtu aliyefichwa kasoro hakuchagua kubaki nazo. Kwa hiyo madeni ni mawili na yanategemeana: mshauri anadaiwa ukweli wote, na anadaiwa kuukomesha ukweli huo pambizoni.

Mtunzi huondoka na karatasi yake. Beti ziko kama alivyozileta, na pembeni yake pana alama za penseli, nyengine zinauma. Usiku huo atakaa peke yake, ataisoma kwa sauti, atafuta mshororo mmoja, ataurudisha, kisha ataufuta tena. Mwenye penseli hayupo, wala hana haja ya kuwapo.